Kulinganisha Wino wa Kijani wa Kalamu za Wino: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Mtu anayenunua chupa ya pili ya wino wa kijani hugundua upesi kwamba jina lililoandikwa kwenye chupa halimsaidii. Chupa mbili zinaweza kuitwa zumaridi, moja ikaandika kijani kinachokaribia feruzi na nyingine ikaandika kijani cha majani machanga. Na chupa mbili zenye majina yasiyohusiana kabisa zinaweza kuacha mistari ambayo jicho haliwezi kuitofautisha.

Sababu kubwa ni kwamba wino wa kijani kwa kawaida hautengenezwi kwa kiambato kimoja cha rangi. Watengenezaji huchanganya kiambato cha bluu au cha feruzi na kiambato cha njano, na pengine huongeza kiasi kidogo cha nyekundu, kahawia au nyeusi ili kuituliza rangi isiwe kali. Kila kiambato kina tabia yake: kimoja hunywewa upesi na karatasi na kingine hubaki juu yake, kimoja huchujuka mapema kwa jua na mwenzake hudumu, kimoja huonekana waziwazi chini ya taa yenye mwanga wa manjano na kingine hufifia. Kwa hiyo unapobadilisha karatasi, nibu (ncha ya chuma ya kuandikia) au taa, hubadilishi ukolezo wa rangi peke yake; unabadilisha pia uwiano wa njano na bluu unaofika machoni. Ndiyo maana nashikilia kwamba ulinganisho wa wino wa kijani una maana pale tu vitu vingine vyote vinapobaki vilevile, na vielelezo vinapowekwa ubavu kwa ubavu. Kumbukumbu ya macho haitoshi hata kidogo katika kazi hii.

Hatua ya kwanza: Jifunze kuieleza rangi kwa maswali matatu

Kabla ya kufungua chupa yoyote, ni vema uwe na namna moja ya kueleza unachokiona. Mimi hujiuliza maswali matatu, na kwa utaratibu huuhuu.

Swali la kwanza ni hili: kijani hiki kinaelemea njano au bluu? Kwa mifano ya wino na watengenezaji wake: upande wa njano kabisa ipo Alt-Goldgrün ya Rohrer & Klingner, ambayo kwenye mstari mwembamba hufanana na dhahabu iliyochakaa na penye wino mwingi hugeuka zaituni. Karibu nayo ziko Vert Olive ya J. Herbin na Chiku-rin ya Pilot Iroshizuku, ambayo jina lake la Kijapani lina maana ya msitu wa mianzi. Upande wa bluu ziko Syo-ro ya Pilot Iroshizuku, jina lenye maana ya umande wa msonobari, na Vert Réséda ya J. Herbin, hapo watu wanaweza kubishana mpaka jioni kama wanachokiona ni kijani au ni feruzi, na ubishi huo hutulia pale tu kielelezo cha kijani cha kati kinapowekwa kando. Katikati ndipo zilipo Sherwood Green ya Diamine na Lierre Sauvage ya J. Herbin.

Swali la pili ni la ukolezo: rangi imekoza au imepauka? Shin-ryoku ya Pilot Iroshizuku imekoza kama kivuli cha msitu mzito, na Zhivago ya Noodler's imekoza kiasi kwamba kwenye nibu nyembamba msomaji huidhania nyeusi. Chiku-rin, kwa upande wake, ni nyepesi.

Swali la tatu ndilo linalosahauliwa mara nyingi, nalo huleta makosa mengi: rangi ni angavu au imetulizwa? Brilliant Green ya Pelikan 4001 ni kijani angavu, kisicho na ukungu wowote. Vert Empire ya J. Herbin ina kijivu ndani yake, na Rikyu-cha ya Sailor ina kahawia nyingi kiasi kwamba baadhi ya watu huiweka kwenye kundi la kahawia. Aina mbili za wino zinaweza kulingana kwa maswali mawili ya kwanza, zikatengana kabisa kwa hili la tatu, na mtu asiyekuwa na neno la kulieleza atabaki akisema tu kwamba moja "ni nzuri zaidi".

Kiswahili kina maneno yanayofaa kazi hii, na ni vizuri kuyatumia kwa uthabiti. Mimi huandika chanikiwiti kwa kijani angavu kinachoelemea njano, zumaridi kwa kijani angavu chenye bluu kidogo, zaituni kwa kijani chenye njano na kahawia, na feruzi pale bluu inapolingana na kijani au kukizidi. Ukichagua maana tofauti na hizi hakuna ubaya, mradi uziandike mwanzoni mwa daftari lako na usizibadilishe katikati.

Hatua ya pili: Chagua wino wa kupimia

Chagua chupa moja ya kijani cha kati, uliyonayo kwa wingi, na uifanye kipimo cha nyingine zote. Kila kadi utakayotengeneza itakuwa na mstari wa wino huo, hata kama kwa siku hiyo hauhusiki na ulinganisho. Kazi yake ni kukuonyesha kama siku mbili za kazi zinalingana: mstari wa kupimia ukionekana mzito zaidi kwenye kadi ya leo kuliko kwenye kadi ya mwezi uliopita, utajua kwamba kilichobadilika ni mkono, nibu au karatasi, na hutaulaumu wino mpya kwa kosa lisilo lake. Usichague wino wenye vumbi la kumeta, wala ule unaobadilika rangi sana unapokauka.

Hatua ya tatu: Tafuta karatasi mbili, na uzifahamu

Karatasi ya kwanza iwe ile inayochelewa kunywa wino, kama vile Tomoe River ya gramu 52 kwa mita ya mraba, Rhodia ya gramu 80 au Clairefontaine ya gramu 90. Kwenye karatasi hizi wino hukaa juu, kwa hiyo unaona tofauti ya sehemu nyepesi na nzito ndani ya herufi moja, na unaona mng'ao, yaani rangi ya pili inayometa juu ya wino uliokauka, kama upo. Karatasi ya pili iwe ile ya kawaida ya mashine ya kunakilia, yenye gramu 80, kwa sababu ndiyo ambayo wengi wetu huiandikia. Karatasi hiyo huunywa wino upesi, hupanua mstari, na aghalabu huifanya rangi ionekane bapa na isiyo na uhai. Wino unaopendeza kwenye karatasi ya kwanza peke yake una matumizi machache kuliko unavyodhaniwa.

Jambo moja la weupe lisipuuzwe. Karatasi nyeupe sana hutiwa kemikali ya kung'arisha inayofyonza mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwa macho, na kuutoa tena ukiwa na rangi ya bluu. Bluu hiyo hupenya katikati ya mistari na kukivuta kila kijani upande wa baridi, na kwa kijani cha njano athari yake ni kubwa kwa sababu njano na bluu hupingana. Karatasi yenye rangi ya maziwa hufanya kinyume chake: huongeza njano, na feruzi iliyoandikwa juu yake huanza kuonekana kijani zaidi. Kwa hiyo usilinganishe kamwe wino ulioandikwa kwenye karatasi nyeupe na ule ulioandikwa kwenye karatasi ya maziwa.

Hatua ya nne: Andaa kalamu iliyo safi kweli

Tumia kalamu moja yenye nibu moja kwa aina zote za wino unazolinganisha. Kalamu mbili za chapa ileile na nibu ya ukubwa uleule zinaweza kutoa wino kwa viwango tofauti, na inayotoa wino mwingi itaifanya rangi ikoze. Nibu ya kati, au pana kidogo, ndiyo inayofaa; nibu nyembamba sana huficha tofauti zote isipokuwa ya ukolezo.

Usafi unahitaji uangalifu kuliko kwenye rangi nyingine. Mabaki ya bluu yaliyojificha kwenye mfereji wa wino chini ya nibu hayatamsumbua anayejaza bluu nyingine, lakini yakikutana na Chiku-rin au Alt-Goldgrün yatazaa rangi ambayo haipo kwenye chupa yoyote. Pitisha maji safi mpaka yatoke bila rangi, kisha weka nibu juu ya tishu nyeupe kwa dakika kumi na uangalie doa linalobaki. Maji yakigoma kusafisha, tia tone moja la sabuni ya vyombo kwenye kikombe cha maji, pitisha, kisha suuza tena kwa maji matupu. Baada ya hapo iache kalamu ikauke kwa siku nzima, maana maji yaliyobaki huupausha wino na kukupa jibu la uongo.

Wenye subira ndogo hutumia kalamu ya kioo ya kuchovya, ambayo husafishwa kwa sekunde chache. Inafaa, ila huanza ikiwa imeshiba na kumaliza ikiwa na kiu, hivyo sehemu ya kwanza ya mstari hukoza kuliko ya mwisho. Ukiitumia, chovya kwa kina kilekile, futa upande mmoja wa ncha kwenye mdomo wa chupa, na linganisha neno la tatu na neno la tatu, la kumi na la kumi.

Nasisitiza pia kwamba wino wa Kihindi na wino mwingine wa kuchorea wenye gundi ya lakiri (shellac) usitiwe kabisa ndani ya kalamu ya wino, kwa kuwa huganda na kuziba. Vilevile usichanganye mabaki ya chupa mbili kwa kubahatisha. Baadhi ya michanganyiko hutengeneza mashapo yanayoziba kalamu.

Hatua ya tano: Tengeneza kadi

Kata kadi zote zikiwa na ukubwa mmoja kutoka kwenye karatasi zako. Andika jina la wino nyuma ya kadi na kwa penseli, ili unapoangalia mbele usijue ni wino upi. Utaona umuhimu wa jambo hili mbele kidogo.

Upande wa mbele anza na sentensi moja ambayo utairudia kwenye kila kadi bila kubadilisha hata herufi. Chini yake chora mistari kumi ya karibukaribu iliyolala, kisha kumi ya kuikata, ili uone rangi inavyojilimbikiza panapokutana. Chini zaidi paka wino kwa kijiti cha pamba: mpako mmoja kwa urefu wote wa kadi, mpako wa pili juu yake ukiishia theluthi mbili, na wa tatu ukiishia theluthi moja. Kati ya mpako na mpako subiri ukauke. Mwisho, dondosha tone moja zima kwenye kona na uliache likauke lenyewe.

Kila sehemu ina jibu lake. Sentensi hukuambia utakachokiona kwenye barua na daftari, na hilo ndilo jibu lenye uzito mkubwa. Mpako wa pamba huonyesha uelekeo wa rangi kwa uwazi kuliko mstari, lakini hubeba wino mwingi kupita kiasi, na anayenunua wino kwa kuangalia mpako peke yake hushangaa baadaye kuona maandishi yake yamepauka au yamekuwa meusi. Tone la kona hufichua mng'ao: kijani kilichokolezwa sana kiambato cha rangi kinaweza kuacha ukingo mwekundu unaometa kama shaba. Emerald of Chivor ya J. Herbin ni mfano unaojulikana sana, nayo inaongeza vumbi la dhahabu juu ya mng'ao huo. Kwa wino wa namna hiyo, tikisa chupa taratibu kabla ya kuchovya, na uandike kwenye kadi kwamba mng'ao upo, kwa maana mng'ao huonekana au hutoweka kutegemea pembe ya mwanga, nao hauwezi kulinganishwa kwa maswali matatu ya mwanzo.

Hatua ya sita: Subiri

Usihukumu wino mbichi. Kijani kikiwa na unyevu huonekana kimekoza na angavu, kisha hutulia kinapokauka, na kiasi cha kutulia hutofautiana kati ya chupa na chupa. Saa ishirini na nne ni kiwango cha chini. Kwa wino wenye chumvi za chuma, kama Forest Black ya Platinum, subira iwe ndefu zaidi: wino huo huanza ukiwa kijani, kisha chuma huungana na oksijeni ya hewani na rangi huendelea kuwa nyeusi. Aina kama hiyo iandikie kadi tatu kwa siku tofauti, uone safari yake nzima.

Hatua ya saba: Angalia kwa utaratibu

Hapa ndipo kazi yote inapofaulu au kuharibika.

Anza na mwanga. Kaa karibu na dirisha mchana, pasipopigwa na jua moja kwa moja, au tumia taa yenye mwanga wa kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 5000 hadi 6500 inayoonyesha rangi kwa usahihi. Taa za manjano za nyumbani huwa karibu na kelvini 2700, na mwanga wake una bluu kidogo sana. Usiku mmoja, chini ya taa ya namna hiyo, niliridhika kabisa kwamba nimepata wino uliolingana na Shin-ryoku; asubuhi, dirishani, Shin-ryoku ilikuwa imesimama upande wa bluu na ule mwingine ulikuwa zaituni iliyokoza. Wataalamu wa rangi huliita jambo hili metamerizimu: vitu viwili vinavyolingana chini ya mwanga mmoja hutengana chini ya mwingine, kwa sababu viambato vyake si sawa ingawa macho yaliridhika. Kijani kimejaa mifano ya hili. Kwa hiyo angalia kila jozi mara mbili, kwa mwanga wa mchana na kwa taa unayoandikia usiku, na uandike majibu yote mawili.

Kisha zuia rangi za jirani. Kijani kikiwekwa kando ya nyekundu huonekana kikali kuliko kilivyo, na kikiwekwa kando ya kijani cha njano huonekana kina bluu zaidi. Kata matundu mawili sawa kwenye karatasi nene ya kijivu na uifunike jozi yako ili uone vipande viwili tu. Macho nayo huchoka: ukikitazama kijani kwa nusu dakika kisha ukahamia kwenye karatasi nyeupe, utaona kivuli chekundu. Pumzisha macho kwenye karatasi ya kijivu kabla ya kila jozi.

Sasa linganisha mbili mbili. Changanya kadi bila kuangalia majina, chukua mbili, jibu maswali matatu, kisha panga kadi zote kwa mstari kutoka njano hadi bluu. Siku inayofuata changanya upya na upange tena. Kadi mbili zinazobadilishana nafasi kati ya siku ya kwanza na ya pili ni kadi ambazo kwa macho yako zinalingana, na hilo ni jibu halali la kuandika. Nimeona watu wakitetea tofauti kati ya chupa mbili kwa nguvu nyingi, kumbe walikuwa wanaona jina na bei. Kadi zikigeuzwa, tofauti hupotea.

Ikiwa unawaandikia wengine matokeo yako, kumbuka kwamba takribani mwanamume 1 kati ya 12, na mwanamke 1 kati ya 200, hupata shida ya kutofautisha nyekundu na kijani. Zaituni na kahawia ndizo zinazochanganyika kwanza. Omba mtu wa pili apange kadi zako kabla hujazitegemea.

Hatua ya nane: Tenganisha viambato

Jaribio hili ni dogo, nalo huniridhisha kuliko yote. Kata kipande cha karatasi ya kuchujia kahawa chenye upana wa sentimita mbili, weka nukta ya wino sentimita mbili juu ya ukingo wa chini, iache ikauke, kisha simamisha kipande ndani ya glasi yenye maji kidogo, nukta ikiwa juu ya maji. Maji yatapanda na kubeba viambato kwa kasi tofauti. Kwenye wino mwingi wa kijani utaona feruzi na njano zikiachana, na kwenye kijani kilichotulizwa utaona pia ukanda wa kahawia au wa waridi ambao hukuushuku. Jozi inayofanana mchana na kutengana usiku, mara nyingi hueleza siri yake hapa.

Hatua ya tisa: Maji na jua

Kwa maji, dondosha tone juu ya mstari uliokauka siku nzima, subiri dakika moja, kisha kausha kwa tishu bila kusugua. Andika kama mstari umebaki, na umebaki na rangi gani, kwa sababu mara nyingi kiambato kimoja huondoka na kumwacha mwenzake.

Kwa jua, bandika kadi dirishani huku nusu yake ikiwa imefunikwa kwa karatasi ya alumini. Iangalie kila wiki kwa muda wa miezi mitatu. Tazama zaidi uelekeo wa kuchujuka: kijani kinachopoteza njano hugeuka bluu, na kinachopoteza bluu huishia kuwa njano ya kinyonge. Wino unaochujuka huku ukibaki na uwiano wake una thamani kubwa kwa mtu anayehifadhi maandishi.

Hatua ya kumi: Hifadhi na kuonyesha

Picha ya kijani ni ngumu. Skrini nyingi hutumia nafasi ya rangi (yaani mkusanyiko wa rangi zinazoweza kuonyeshwa) iitwayo sRGB, ambayo haiwezi kuonyesha baadhi ya kijani na feruzi zilizokolea sana, na skana hurekebisha rangi zenyewe bila kuomba ruhusa. Zima marekebisho yote ya skana, tumia nukta 300 kwa inchi, na uweke kadi zote za ulinganisho mmoja, pamoja na ile ya kupimia, kwenye picha moja. Ukitumia kamera, weka kadi ya kijivu ndani ya picha na urekebishe weupe kwa hiyo.

Anayetaka namba asome rangi kwa CIELAB, mfumo wa kueleza rangi kwa namba tatu uliowekwa mwaka 1976, ambao programu nyingi za picha zinao. L* ni ukolezo, kuanzia 0 kwa nyeusi hadi 100 kwa nyeupe. Namba ya a* ikiwa hasi ni kijani. Namba ya b* ikiwa chanya ni njano na ikiwa hasi ni bluu. Namba hizi hujibu maswali yetu matatu kwa mpangilio mwingine, lakini zichukue kutoka kwenye mpako wa mara moja, na uzilinganishe ndani ya picha ileile tu.

Kadi zenyewe ziweke kwenye bahasha gizani, na nyuma ya kila moja andika tarehe, karatasi, nibu na taa uliyotumia. Wino wa kupimia ukikaribia kwisha, nunua chupa nyingine mapema na uipitishe kwenye hatua zote ukiilinganisha na ile ya zamani, kama ambavyo ungefanya kwa wino usioujua kabisa.